Usiniambie Polepole

Kasongo, Jumapili, 28 Septemba 2025

Zaina, mama yangu,

Nakuita mama kama siku zote, kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na usiku huu jina hilo ndilo linalokuja lenyewe kwenye kalamu. Umelala chumba cha pili. Mlango umeuacha wazi kidogo, kama ulivyozoea tangu ulipokuwa unaogopa popo wa darini. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, na asubuhi nitakuambia usiifungue mpaka ndege iwe imeondoka Kindu. Najua utanitii. Mambo madogo unatii sana. Makubwa ndiyo unayoyaamua mwenyewe.

Habari za koti, soksi, dawa za malaria na pilipili ya kusaga, shangazi zako wamekwisha kuzisema, na mmoja amekukataza kitu kilekile alichokuagiza mwenzake. Sitaongeza neno hapo.

Nataka kusema juu ya mji ule wa Ujerumani unakokwenda kukaa miezi mitatu. Jina lake kinywa changu hakijaliweza, kwa hiyo humu ndani nitauita mji wako, ingawa kuuita hivyo kunanikwaza kidogo.

Siku ya kwanza uliponionyesha picha zake uliweka simu juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya maranda ya mbao. Ukasema, "Tazama, Baba. Mji uko bondeni, na milima hii yote ni msitu. Umezungukwa."

Nikakuuliza, "Na mule msituni iko nani?"

"Hakuna mtu, Baba. Watu wanaenda tu kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea. Wanapanda, halafu wanashuka."

"Na mikononi wameshika nini? Shoka? Kapu?"

Ulicheka. Mimi sikucheka. Wewe umesoma habari za misitu huko Kindu, ukiona mlima wenye miti unaona miti. Mimi nimeishi miaka ambayo watu wa Kabambare walikuja kwetu wakikimbia vita, magodoro kichwani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kueleza, walinyoosha tu kidole kule milimani. Mlima wenye msitu nauangalia kwanza kwa kujiuliza nani yuko juu. Hata mlima wa Wajerumani.

Halafu nikaitazama miti yenyewe, kwa jicho la seremala. Yote imenyooka. Yote ni ya rika moja, kama wanafunzi waliopangwa mstari asubuhi kabla ya kuingia darasani. Kandokando ya njia pana kuni zimekatwa kwa urefu sawa, zimepangwa vizuri, na hakuna anayezilinda. Mbele kidogo pana benchi, katikati ya msitu, halina mtu. Ukanionyesha na nyumba za mjini, zile za zamani ambazo boriti zake zinaonekana nje ya ukuta, nyeusi, zimepinda kwa uzee na bado zimesimama. Nikakuuliza kama kule kuna mchwa. Ukasema hujui, unadhani hakuna. Jambo hilo nililiwaza siku kadhaa. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote nikijua kwamba kila mlango ninaoutengeneza kuna mdudu anayeungoja. Watu ambao mbao zao haziliwi, sijui wanafikiri namna gani.

Ukaendelea kunipa habari njema. Watakupokea kituoni. Chumba ni bure. Koti la baridi lipo, limekwisha kutundikwa mlangoni linakusubiri. Baiskeli ipo. Jumapili ya kwanza mama mwenyeji atakupeleka kutembea mlimani na baada ya hapo mtakula supu. Kila ulipoongeza jambo jema moja, mimi nilizidi kunyamaza, na wewe ukadhani nimechoka.

"Wanataka nini kwako?" nikakuuliza mwishowe.

"Wanataka nifanye kazi, Baba. Nihesabu miti, niipime."

"Miti yao wenyewe, miaka yote hii, bado hawajaihesabu?"

Hapo ulicheka mpaka ukakaa juu ya gogo, na nilifurahi kukuona unacheka, lakini swali langu halikuwa la mchezo.

Ngoja nikueleze linatoka wapi. Sehemu unaijua, nyingine hatujaisema kamwe kati yetu.

Kabla ya Idi kufa mimi nilikuwa mtu wa kuamini kila kitu. Kaka yako aliponiambia anakwenda Salamabila kuchimba dhahabu na vijana wenzake, sikumkataza. Niliamini atarudi na bati za nyumba, kama alivyosema. Na siku ile Amuri alipoingia karakana saa za mchana, akasimama karibu na mlango akasema, "Yaya, Idi ameumia. Shimo limemuangukia mguu. Mguu umevunjika," nilimwamini pia. Kwa nini nisimwamini mdogo wangu, aliyeniita yaya, kaka mkubwa, tangu alipojua kusema? Nilisema Alhamdulillahi, ni mguu tu.

Kisha nikafanya jambo ambalo seremala hufanya. Nikasema siwezi kwenda mikono mitupu, mtoto atahitaji magongo ya kutembelea, na yale ya hospitali, kama yapo, yatakuwa mafupi kwa Idi. Nikachagua mbao nyepesi iliyokauka vizuri. Kipimo nilikichukua kwangu mwenyewe, halafu nikaongeza kidogo, nikikumbuka jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa kupita mlango wa jikoni na mimi siinami. Amuri hakuondoka. Nilimwambia arudi nyumbani akasema, "Hapana, nitakusaidia." Akachukua msasa akaanza kulisugua gongo moja, taratibu, kwenye sehemu ya kwapa, akilipitisha kidole na kulisugua tena. Jirani akaleta chai. Mwingine akaleta mihogo ya kuchemsha. Mtu niliyekuwa nimegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja akaja akanisalimia kwa mikono miwili. Nikafikiri, kumbe Kasongo kuna watu wema.

Nilipomaliza niliyajaribu. Nilikunja mguu mmoja nikazunguka meza ya kazi kwa magongo yale, nikiruka kama mtoto anayecheza. Nikamwuliza Amuri, "Iko sawa?" Akageuka akaangalia nje. Akasema, "Iko muzuri, yaya. Iko muzuri sana."

Asubuhi nilipanda pikipiki na magongo yamefungwa pembeni. Yule kijana dereva aliendesha polepole, kila daraja ananiuliza kama nimechoka. Tulipofika Lusangi akasema, "Baba, tulale hapa. Njia mbele iko mubaya." Mimi nilitaka kuendelea, mtoto ananisubiri, nikamwambia. Akainama akajifanya anakagua mnyororo. Watu pale Lusangi waliyaona magongo, wakaniona mimi, wakanipa kitanda kizuri kuliko kile walicholalia wenyewe. Wote walijua, Zaina. Njia nzima ilikuwa inajua, isipokuwa mimi.

Salamabila nikauliza, "Hospitali iko wapi?" Wakanipeleka nyumbani kwa mzee mmoja wa kwetu Kasongo, ndiye aliyekuwa akimpangisha Idi. Akasema, "Karibu, kaa kwanza, kunywa maji." Kiti kilikuwa kimewekwa katikati ya chumba peke yake. Wanaume wawili wakaja wakakaa karibu nami mno, mmoja huku na mmoja huku, kama watu wanaozuia kabati lisianguke. Hapo ndipo nilipojua, kabla hajafungua kinywa.

Idi alikuwa amekwisha kuzikwa. Alizikwa jioni ileile tuliyokuwa tukipiga msasa. Dini yetu haingoji, nao hawakuweza kungoja. Kama Amuri angeniambia neno lile mchana, ningepanda pikipiki saa ileile, ningesafiri usiku kucha, na hata kama nisingewahi, ningekuwa njiani kama baba anayekwenda kuzika. Badala yake nilipita Lusangi nikiwaeleza watu kwamba magongo nimeyapunguza kidogo chini ili yasiteleze kwenye matope.

Tangu siku hiyo, mtu akiwa mpole kwangu kuliko kawaida, ninamwangalia mikono. Ukiniletea chai ambayo sikuomba, moyo unaniuliza nani amekufa. Ndiyo sababu koti lililotundikwa mlangoni likikungoja halikunifurahisha. Wajerumani sina ugomvi nao. Ni upole wao niliouogopa.

Sasa sehemu ambayo hatujaisema. Siku ya pili baada ya kufika Salamabila nilipata mtandao, nikakupigia Kindu. Nilikuwa nimeumizwa na jambo hilohilo, kidonda bado kibichi, na nikafungua kinywa nikasema, "Zaina, kaka yako ni mgonjwa kidogo, njoo nyumbani." Hata "kidogo" niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Ulikuja na biskuti na betri za redio yake, kwa sababu aliwahi kukuambia kwamba kitu kinachomsumbua mgonjwa ni kulala bila muziki. Ukashuka ukaona turubai limefungwa mbele ya nyumba na watu wamekaa chini. Betri zile ulizishika mkononi siku nzima. Shangazi yako alijaribu kuzichukua ukakataa. Mimi niliona, sikuja karibu.

Hukunilaumu hata mara moja. Kesho yake ulinipikia uji ukautia tangawizi. Na tangu hapo tumeishi wewe na mimi kwa upole mwingi, kama watu wawili waliobeba kioo, kila mmoja anaangalia mwenzake asije akajikwaa. Nikikuuliza masomo unasema mazuri. Ukiniuliza afya nasema njema. Kwa simu sisi hatuna tatizo lolote duniani.

Kwa hiyo wiki hizi nimekushuku na wewe, mwanangu. Lazima niandike hivyo, ingawa hapa kalamu ilisimama.

Baiskeli yako umempa binti wa Amuri. Ungeweza kumwazima, ni miezi mitatu tu. Nguo zako nzuri umezigawa. Vyeti vyako halisi, ambavyo vilikuwa kwenye sanduku la mama yenu tangu alipofariki, umevichukua vyote, hata cha shule ya msingi. Anayekwenda kuhesabu miti mpaka mwezi wa kumi na mbili anafanya nini na cheti cha shule ya msingi? Umenifulia mashuka ambayo hayakuwa machafu. Umekaa nami karakana jioni baada ya jioni bila simu mkononi. Na Jumatano, ulipokuwa nyuma ya ukuta unazungumza na rafiki yako, ulisema, "Baba bado hajui. Nitamwambia nikifika." Nilikuwa naranda ubao wa mlango. Niliishikilia randa isitoe sauti, nikabaki nimeinama hivyo mpaka mgongo ukauma, lakini baada ya hapo mlizungumza habari za nywele.

Sijui ni nini ambacho sijui. Nimejaribu kila kitu kichwani. Kwamba hutarudi baada ya miezi mitatu, utatafuta namna ya kubaki usome huko. Kwamba yupo mtu. Kwamba unaumwa, na kule wana dawa. Ningeweza kukuuliza usiku huu, mlango uko wazi. Lakini nikikuuliza leo utanijibu kwa upole, na mimi nitajifanya nimeamini, na tutaachana kesho asubuhi kama tulivyoishi. Sitaki. Nimeona tumekwisha kuzoea sana.

Nilipolisikia lile neno lako, "Baba bado hajui," ndipo nikaanza kuwaza kinyume chake. Nikifa mimi ukiwa kule, nani atakuambia, na atakuambiaje? Nilijua jibu. Wangekaa kikao hapa uani, wangekubaliana, na mmoja angekupigia simu aseme, "Baba yako anakusalimu, yuko na homa kidogo, wewe maliza kazi yako." Ungeniombea nipone, nami niko kaburini. Nikamwita Amuri.

"Nikifa," nikamwambia, "utampigia Zaina siku ileile. Utasema: Baba amekufa. Maneno mawili, halafu mengine yatafuata."

"Yaya, ile haiko desturi yetu. Mutu hapewi kifo mu simu."

"Apewe namna gani? Nimutumie magongo?"

Hatukuwahi kuyataja magongo yale. Amuri akavua kofia akaiangalia ndani kama kuna kitu kimeandikwa. Nilijuta, lakini neno lilikuwa limetoka.

"Ulifikiri mi nilipenda?" akasema. "Wazee walisema, usimuambie pale, iko peke yake, moyo wake unaweza kusimama. Akafike kwanza kule iko watu wa kumushika. Mi nikafanya vile walisema. Ile gongo niliipiga msasa mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Hukuona."

"Sikuona."

"Basi niambie. Zaina akiisikia ile neno, mu ile chumba, mu ile muji ya watu hawaamkiane, kule iko nani wa kumushika?"

Miaka yote niliona uongo tu katika jambo lile, nikasahau wale wanaume wawili wa Salamabila, jinsi walivyokaa. Hawakuwa wamekuja kunidanganya. Walikuja ili nikianguka nisifike chini. Uongo ulikuwa njia ya kunifikisha kwenye mikono yao. Bado nasema njia ile ilikuwa mbaya, ilininyima mazishi ya mwanangu, na sitaacha kusema hivyo. Lakini swali la Amuri lilikuwa la kweli.

Basi nikafanya jambo ambalo utalikasirikia. Ulipokwenda kuoga nilichukua kwenye simu yako namba ya yule mama mwenyeji wako, Mama Ingrid. Ijumaa, wewe ukiwa sokoni, Amuri na mimi tukampigia kwa simu ya Amuri, ile yenye picha. Ulikuwa umeniambia kwamba alifanya kazi Tanzania ujanani na anasema Kiswahili, na hilo nalo nililishuku. Anakisema kweli, kile safi, cha redioni. Akaanza na, "Shikamoo, Baba Zaina," naye ana mvi kunizidi.

Amuri akaninong'oneza, "Yaya, uzee wako umefika mpaka Ulaya."

Sikupoteza muda. Nikamwuliza, "Kwa nini mulichagua mutoto wangu?"

"Aliandika vizuri," akasema. "Na yule tuliyemchagua kwanza alikataa."

Amuri akanigonga goti. Mimi nikakaa vizuri kitini. Hilo halikuwa jibu la mtu anayekupaka mafuta.

"Chumba munamupa bure, kwa nini?"

"Ni chumba cha mwanangu, amehama. Kiko kitupu. Ni kidogo, na upande wa dirisha kina baridi."

"Atakuwa salama?"

Akafikiri. "Mwili wake, nadhani ndiyo. Lakini mwezi wa kumi na moja huku giza linaingia mapema, mvua haikatiki, na watu hupitana njiani bila salamu. Wageni wengi hulia. Nadhani na yeye atalia." Akainua simu akanionyesha dirisha. Kulikuwa na paa nyeusi, zimelowa, na nyuma yake mlima na ile miti, ukungu umekaa juu yake. Hakusema ni mzuri. Alinionyesha tu.

Nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua. "Zile kuni kule msituni, kando ya njia. Mbona haziibiwe?"

"Zinaibiwa," akasema.

Amuri alicheka mpaka simu ikatikisika. Mimi nilianza kumsikiliza mama yule tangu neno hilo.

Ndipo nikamweleza. Kwamba kwetu mtu haambiwi kifo akiwa peke yake, na kwamba mimi sitaki udanganywe. Kwamba ikitokea habari mbaya, Amuri atampigia yeye kwanza, ili awe nawe habari inapofika. Nikamwuliza kama ataweza. Nilitegemea aseme, "Usijali, Baba, bila shaka." Hakusema hivyo.

"Sijui kama nitaweza," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu jambo kama hilo. Mume wangu alipofariki mimi mwenyewe niliambiwa kwa simu, nikiwa kazini, nikarudi nyumbani kwa basi. Lakini nitakuja. Nitasimama mlangoni pa chumba chake, nitasema, kisha nitakaa naye hata kama sina la kusema."

Amuri akavua kofia yake tena. Baadaye, tulipokuwa tunakunywa maji, akasema, "Kwa basi, yaya. Na pembeni yake alikaa mutu asiyejua kitu." Jambo hilo lilimuuma kuliko habari zote za baridi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa naweza kukuharibia mji mzima kwa kutaka kukusaidia. Sitaki kila mama yule akigonga mlango wako moyo wako uruke. Tumekubaliana hivi: siku ya habari mbaya atasimama, hatakaa, na atasema palepale mlangoni kabla ya salamu. Siku nyingine zote, akija na keki, ni keki tu. Kula. Akikupa koti, ni koti. Akikupeleka mlimani mkapanda na kushuka bila kutafuta chochote, panda na ushuke. Mimi niliingia katika kushuku kama mtu anavyoingia katika kilema, na nimejifunza kutembea nacho, lakini sikutengenezi wewe magongo ya namna hiyo. Utatazama kwa macho yako. Kama kuna la kushuku utaliona, wewe si mjinga. Usishuku tu kwa ajili yangu.

Na kwa sababu nakudai ukweli, ni haki nianze mimi.

Mkono wangu wa kulia una shida. Nilikuambia milango niliyoagizwa na shule nimeichelewesha kwa sababu mbao hazijakauka. Mbao zimekauka tangu zamani. Mkono unakufa ganzi, vidole vitatu, hasa asubuhi, na mara mbili nimeangusha patasi. Muuguzi anasema ni mshipa umebanwa shingoni, na kwamba niende Kindu wakapige picha. Nitakwenda baada ya mvua za kwanza, Amuri atanipeleka. Hapana kifo hapo. Kingekuwa kifo ningekiandika kwa jina lake, sasa umeona kwamba naweza. Wiki hizi, kazi za msumeno mimi nimekuwa nikishika ubao na Amuri ndiye anayekata, na wewe ulidhani namfundisha. Barua hii yenyewe nimeiandika kwa kupumzika. Utaona mahali herufi zimelala.

Najua utauliza kwa nini nimekuambia ukiwa angani, ambapo huwezi kushuka. Kwa sababu ningekuambia juzi ungebaki. Ndiyo, hapo pia nimeficha. Iwe ndiyo mara ya mwisho, na unihesabie kwamba nimeikiri mwenyewe kabla hujaigundua.

Basi ukifika, ukilala, ukiamka, nipigie. Usianze na "Baba, usijali." Nikisikia neno hilo nitakaa chini kutafuta turubai. Anza na lile ambalo sijui. Likiwa ni kubaki, sema, nataka kubaki. Likiwa ni mtu, nitajie jina lake, hata kama kinywa changu hakitaliweza. Likiwa ni ugonjwa, nipe jina la ugonjwa. Huenda nitanyamaza muda kidogo. Usiogope ukimya huo, wala usikimbilie kuujaza. Ni mtu anatafuta kiti. Amuri atakuwa karibu, nimemwomba awe anashinda hapa wiki hiyo, kwa hiyo na mimi nina wa kunishika. Usinipime kama nitaweza. Usinieleze polepole, sehemu leo na sehemu mwezi ujao. Nimekwisha kuambiwa mambo polepole, najua yanavyokuwa.

Asubuhi, kabla pikipiki haijaja, nitakusomea dua mlangoni kama ilivyo desturi. Nimeipitia moyoni jioni hii. Ilikuwa na maneno ya kukuombea urudi salama mwezi wa kumi na mbili. Nimeyaondoa. Nitakuombea usalama tu, bila kuutaja mwezi. Utasikia pengo mahali pale, na utajua kwamba sikusahau.

Kumekuwa kimya ndani ya nyumba. Umegeuka kitandani mara moja, ubao wa tatu ukalia, ule ambao nimekuahidi kuupigilia misumari tangu ulipokuwa unakwenda shule ya msingi. Nimechelewa nao.

Nenda, mama yangu. Uwatazame watu wale usoni, uwape salamu njiani hata wasipojibu. Na siku ile ambayo hakuna habari yoyote, si nzuri wala si mbaya, siku ya kawaida tu huko mlimani, unikumbuke.

Baba yako